Mlima Shengena Uko Nairobi

Sisi watu wa Same tumekulia chini ya Shengena. Ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare, mita 2,462, na siku nyingi hukioni kwa sababu ya ukungu wa msitu wa Chome. Mvua ikichelewa, wazee hutazama huko kwanza kabla ya kutazama kwingine kokote.

Shengena ya pili niliiona Nairobi mwaka 2022. Ina uzito wa tani 252 na urefu wa karibu mita 32, na namba yake ni 5930. Imesimama kwenye uwanja wa Makumbusho ya Reli, juu ya kipande cha reli kisichokwenda popote.

Sikufika pale kwa kubahatisha. Babu yangu mzaa baba alikuwa faiamani, yaani mtunza moto, wa vichwa vya aina hiyo, na tangu nikiwa mdogo nilijua kwamba mahali fulani Kenya kuna kichwa cha treni chenye jina la mlima wetu. Babu alifariki mwaka 2014. Sanduku lake la mbao bado liko chumbani kwa bibi, limepakwa maruni nzito, rangi aliyopewa na fundi mmoja wa Mombasa ilipobaki chini ya kopo. Watoto wote wa ukoo tumelikalia sanduku lile tukisubiri makande yaive. "Hiyo ni rangi ya Garratt," babu alikuwa akituambia, huku akiligonga kwa kifundo cha kidole. "Haipauki."

Miaka mingi nilidhani Garratt ni aina ya rangi.

Garratt ni jina la mtu, Herbert William Garratt, mhandisi Mwingereza aliyesajili wazo lake mwaka 1907. Ili uone thamani ya wazo lile, lazima kwanza uijue shida ya reli zetu, nayo ni wembamba. Waingereza walipoanza kujenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, waliweka upana wa mita moja tu kati ya chuma na chuma, kama walivyozoea kwenye njia nyingi za India. Wajerumani nao, walioanza kutoka Tanga mwaka 1893, walikuwa wamechagua mita hiyohiyo. Reli nyembamba ni rahisi kuijenga, inakata kona kali, inaparamia vilima bila kuchimba sana. Kwa wakoloni waliotaka kufika ziwani haraka hiyo ilitosha, na haraka yenyewe iligharimu roho za watu: kati ya vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, karibu 2,500 walikufa kabla reli haijafika Ziwa Viktoria mwaka 1901.

Lakini reli nyembamba inakubana baadaye, mizigo ikiongezeka. Kichwa cha kawaida cha mvuke kina boila, pipa la kuchemshia maji, juu na magurudumu chini yake, na tanuri la moto linabanwa na magurudumu hayo. Ukitaka nguvu zaidi unahitaji moto zaidi, na moto zaidi unataka tanuri pana. Kwenye mita moja, utalipanulia wapi? Ukirefusha boila, kichwa kinakuwa kirefu mno kwa kona.

Garratt alifanya kitu ambacho mtu wa Upare anakielewa bila kuchorewa. Kwetu milimani, barabara zilipokuwa hazijafika, mgonjwa alishushwa kwa machela. Mmoja mbele, mmoja nyuma, mgonjwa katikati. Njia ikikunja, wa mbele anakunja kwanza, wa nyuma anafuata kwa wakati wake, na mgonjwa amelala amenyooka vilevile. Ndivyo Garratt ilivyo. Mbele kuna mtambo kamili wenye magurudumu na silinda zake, umebeba tangi la maji. Nyuma kuna mtambo mwingine kamili, umebeba mafuta. Katikati, boila limelala juu ya fremu iliyoshikwa na egemeo mbili zinazozunguka, na chini yake hakuna gurudumu hata moja. Kwa hiyo boila linaweza kuwa nene na fupi upendavyo, na tanuri likashuka na kutanuka bila kugusana na kitu. Boila la Shengena lina kipenyo cha karibu mita 2.3. Nilisimama mbele yake nikatazama juu, kisha nikatazama chini kwenye vile vyuma viwili vilivyoachana mita moja, nikarudia tena. Pipa ni pana zaidi ya mara mbili ya njia linayopitia. Nimesoma maelezo ya mashine nyingi na hakuna lililowahi kunishangaza kama hilo.

Garratt za kwanza kabisa zilikuwa ndogo, mbili tu, zilizoundwa mwaka 1909 kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania, kwenye reli nyembamba kuliko hata yetu. Waundaji walikuwa Beyer, Peacock wa Gorton, Manchester, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1854. Afrika ndiko wazo lile lilikokulia. Reli ya Kenya na Uganda ilipokea Garratt zake za kwanza mwaka 1926, na tangu hapo kila kizazi kilikuja kizito kuliko kilichotangulia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, bandari ya Mombasa ilielemewa. Mizigo ilikuwa inashuka kuliko reli ilivyoweza kuipandisha bara, meli zinasubiri, maghala yamejaa. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, liliagiza Manchester vichwa vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuwekwa juu ya reli ya mita moja. Vilikuja 34 kati ya 1955 na 1956, namba 5901 mpaka 5934. Aina ya 59. Kila kimoja kiliweza kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, safari ya kilomita kama 530 ambayo inaanza usawa wa bahari na kuishia juu ya mita 1,600, yenye milima inayopanda mita moja na nusu katika kila mita mia. Kwa gari dogo hiyo si kitu. Kwa chuma kinachoteleza juu ya chuma, na tani 1,200 zinakuvuta kurudi baharini, ni kazi ya mchana na usiku.

Na vilipewa majina ya milima. Kirinyaga, au Mlima Kenya kama kibao kilivyosema, ndio 5901. Ruwenzori na Muhavura kwa Uganda. Meru, Hanang, Rungwe, Mbeya, Lengai, Longido, Monduli, Uluguru, Kilimanjaro. 5918 ni Gelai, mlima ulio karibu na Ziwa Natron. 5930 ni Shengena.

Nimelifikiria sana jambo hili la majina. Aina ya 60, waliotangulia kidogo tu, walipewa majina ya magavana wa kikoloni wa nchi hizi tatu. Vichwa vidogo zaidi vilipewa majina ya makabila, kama kile cha Nyaturu ambacho nacho kimehifadhiwa Nairobi. Milima, makabila, magavana: yote yalitolewa na mtu yuleyule mezani, bila kumuuliza mwenye mlima wala mwenye kabila. Uhuru ulipofika, vibao vya magavana vikang'olewa, vichwa vikabaki na namba tupu. Vya milima viliachwa. Hakuna aliyeona haja ya kuung'oa Kilimanjaro. Naamini hao waliokuwa wanaving'oa walijua vizuri nini kilikuwa cha mgeni na nini kilikuwa chao tangu mwanzo, hata kama kibao kilichongwa Manchester.

Babu alitoka Same mwaka 1958, kijana wa miaka 18, kwa treni ya Kahe, Taveta na Voi. Kipande cha Voi mpaka Kahe ni cha vita, Waingereza walikijenga 1915 na 1916 wakiwafuata Wajerumani, na kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na mita moja, reli mbili za maadui zikaungana bila taabu. Watu wa Upare na Kilimanjaro wakapata njia ya kwenda Mombasa kutafuta kazi. Babu alianza kwa kufuta vichwa kwa pamba na mafuta, usiku kucha, ili asubuhi ving'are. Kupanda mpaka ndani ya kibanda cha dereva kulimchukua miaka mitano. Madereva wengi wa njia kuu enzi hizo walikuwa Wahindi, Masingasinga hasa, na Mwafrika aliishia kwenye ufaiamani. Alilisema hilo bila hasira, lakini alilisema kila mara, na mimi nimelihesabu kuwa ni hasira.

Kazi yenyewe alinionyesha kwa vitendo, ameketi juu ya sanduku. Aina ya 59 zilikuwa zinachoma mafuta mazito, kwa hiyo faiamani hakupakia makaa. Kazi yake ilikuwa mkono wa kushoto kwenye koki ya mafuta na macho kwenye moshi. Dereva akifungua mvuke, mafuta yanaongezwa papo hapo. Akifunga, yanapunguzwa kabla moshi haujawa mweusi. Moshi mweusi ni mafuta yanayopotea. Moshi usioonekana kabisa maana yake unapitisha hewa baridi nyingi mno. Alitaka moshi wa kijivu chepesi, "kama pumzi ya mtu asubuhi ya Chome."

Halafu kulikuwa na mchanga. Mafuta mazito huacha masizi ndani ya mirija ya boila, na masizi yakiwa mazito moto haupiti vizuri kwenda kwenye maji. Kwa hiyo kila baada ya mwendo fulani, kichwa kikiwa kinavuta kwa nguvu zote, faiamani anachota mchanga kwa koleo na kuusogeza kwenye tundu la mlango wa tanuri. Hautupi. Anausogeza tu, na mvuto wa moto unaunyakua kutoka kwenye koleo. Hapa babu alinyoosha mkono, kiganja juu, akaubetua polepole, kisha akauondoa haraka kama mtu aliyeunguzwa. Mchanga unapita kwenye mirija yote ukiisugua, na bombani kunatoka wingu jeusi kama usiku. Alikuwa anasubiri wavuke nyumba kwanza. Kina mama wa kandokando ya reli walikuwa wanajua sauti ya kichwa kinachojiandaa kumwaga masizi, na walianua nguo kabla hakijafika.

Kwenda Nairobi walifanya kazi timu mbili. Nyuma ya kichwa kulifungwa behewa la kulala: dereva na faiamani mmoja wakiwa kazini, wenzao wamelala humo, wanapokezana njiani. Babu alisema hakuwahi kulala usingizi mzito kama ule wa Mtito Andei kwenda Makindu. Mlio wa mitambo miwili ulikuwa hauendi pamoja. Ule wa mbele na ule wa nyuma vilikuwa vinaachana taratibu, kisha vinakutana vinapiga kama kimoja, kisha vinaachana tena. Alikuwa akiupiga mdundo huo kwa vidole kwenye mbao za sanduku. Mimi naujua kuliko wimbo wowote wa utotoni.

Nilimuuliza mara nyingi kama aliwahi kupanda Shengena yenyewe. Alipanda, mara kadhaa, kama alivyopanda Gelai na Hanang na nyingine, kutegemea ipi imetoka karakana siku hiyo. Niliwazia furaha yake, Mpare juu ya Shengena. Lakini jibu lake lilikuwa jingine kabisa. "Nilitaka siku moja niilete nyumbani," alisema. "Haiwezekani. Ingezama."

Hakuwa anatia chumvi. Aina ya 59 zilikuwa zinakandamiza reli kwa tani 21 kila ekseli, yaani kila jozi ya magurudumu, na zilihitaji vyuma vizito vya njia kuu ya Mombasa. Njia yetu ya Tanga, inayopita Mkomazi, Hedaru, Makanya na Same chini kabisa ya mlima, ilikuwa na reli nyepesi. Huku zilikuja Garratt nyingine, zile za magavana, zilizoundwa kwa makusudi ziwe nyepesi, tani 11 tu kwa ekseli. Kwa hiyo gavana alipita chini ya Shengena, na Shengena haikuwahi kupita kwao. Gelai vilevile: hakuna reli iliyowahi kufika chini ya mlima huo mpaka leo. Nyingi kati ya zile 34 zilibeba majina ya milima ambayo zisingeweza kuifikia hata kidogo.

Wahandisi walikuwa na ndoto kubwa zaidi. Aina ya 59 ziliundwa hivi kwamba zingeweza kubadilishwa zipite kwenye reli ya kusini mwa Afrika, yenye milimita 1,067, kama siku moja reli zingeunganishwa. Walichora hata aina ya 61, kubwa kuliko hizo. Haikujengwa. Dizeli ilikuwa imeshaanza kuingia. Beyer, Peacock walifunga milango mwaka 1966, na hapo hata vipuri vikawa vya kutengenezewa nyumbani. Aina ya 59 zilianza kuondolewa kazini mwaka 1973, na kufikia 1980 hakuna iliyokuwa ikivuta mizigo.

Katikati ya hapo ndipo kuna mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika moja la reli likawa matatu, na Tanzania ikafunga mpaka na Kenya mpaka 1983. Mabehewa na vichwa vilibaki vilipokutwa. Babu alikuwa na bahati, alikuwa likizo Same. Vitu vyake vingine vyote vilibaki kwenye kota Mombasa, isipokuwa sanduku, ambalo alikuwa amesafiri nalo. Hakurudi tena kwenye reli. Alilima tangawizi na mahindi, na kwa miaka sita hakuweza hata kwenda kuwasalimu watu aliofanya nao kazi miaka 19. Mimi nilizaliwa mpaka ukiwa umefunguliwa, lakini nakumbuka namna wazee walivyokuwa wanasema "upande ule" wakimaanisha Voi, mahali ambapo ukiondoka Same asubuhi jua halijatua umeshafika.

Makumbusho ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, shirika likiwa bado moja. Kati ya 34 zimebaki mbili tu, zote humo: Gelai na Shengena. Gelai ilifufuliwa mwaka 2001 ikatoa moshi tena na kuvuta watalii. Shengena haijafufuliwa.

Nilipofika pale palikuwa na mzee mmoja anayefagia majani chini ya vichwa. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Umetoka Tanzania, ama?"

"Ndiyo mzee. Natoka Same."

Aliweka ufagio chini. "Same ni kule kwa milima ya Pare." Akanishika bega akanigeuza. "Basi huyu ni wenu. Na Gelai pia ni wenu. Wa Kenya wote walikatwa chuma chakavu. Sisi tumewawekea."

Akaniruhusu nipande mpaka kwenye kibanda. Ndani kulikuwa na joto kama kwenye jiko lililozimwa jana. Koki ya mafuta ilikuwa upande ambao babu alinionyesha. Mkono wangu wa kushoto uliipata kabla ya macho. Niliushika mpini uliokuwa umelainika kwa viganja vya watu, nikatazama nje dirishani kuelekea mbele, juu ya lile boila refu na nene, mpaka kwenye bomba. Hivyo ndivyo walivyotazama moshi. Niliketi kwenye kiti cha faiamani nikapiga mdundo kwa vidole kwenye bati, mitambo miwili ikiachana na kukutana. Mzee alikuwa chini akinisubiri, hakunihimiza.

Nilirudi kwa basi la Namanga. Nilipofika nyumbani bibi alikuwa anachambua maharage barazani. "Mume wangu amerudi," alisema, kama anavyonisalimu siku zote. Nilimwonyesha picha kwenye simu, moja baada ya nyingine, naye akizisogeza karibu na macho. Kwenye ile ya ubavu wa boila alisimama. Aliinuka, akaingia chumbani na simu mkononi, nikamfuata. Aliiweka simu juu ya sanduku, akatazama rangi ya picha, akatazama rangi ya mbao.

"Kimepauka," alisema.

"Kiko juani miaka yote, bibi."

Alikubali kwa kichwa. Kisha akashika ncha ya khanga yake na kuanza kufuta vumbi kwenye kona za sanduku, kona moja baada ya nyingine, polepole, mpaka maruni ikang'aa.